Kahawa ya Saa Nne

Apitaye Mji wa Kale, Mombasa, baada ya sala ya alasiri huisikia kahawa kabla ya kuiona. Muuzaji hugonganisha vikombe vyake vidogo mkononi, na dele lake la shaba, lenye makaa chini yake, hutanguliwa na harufu ya tangawizi. Hiyo ndiyo kahawa tuliyokulia: nyeusi, chungu, ya moto, yenye kusindikizwa kwa kashata au kipande cha halua. Na tangu tupate akili tumeijua kuwa ni kahawa ya barazani, nayo baraza ni ya wanaume. Sisi wanawake tumeipika, tumeimimina katika matanga na harusi, na tumeinywa jikoni tukiwa tumesimama. Lakini kuketi kwa ajili yake, mtu na jirani yake, pasi na harusi wala msiba, hilo aghalabu tumewaachia baba zetu na kaka zetu.

Basi wasomaji wetu wasistaajabu kuiona safu ya juma hili ikizungumzia kinywaji. Tulikuwa Oman kwa siku kumi na mbili, wanawake watatu pamoja na mahramu wetu, kuwazuru jamaa ambao hatukuwa tumeonana nao kwa miaka mingi. Huko tukaipata kahawa ambayo, tusifiche, imetutoa katika mapenzi ya chai. Tungeweza kuisifu kwa mistari miwili na kuwapa namna ya kuipika, ikawa basi. Ila iliyotushika zaidi ni saa inayonyweka na watu wanaoinywa, na hilo haliwezi kuelezwa kwa mistari miwili.

Jamaa zetu wanaishi Nizwa, mji wa bara, kiasi cha kilomita 160 kutoka Muscat kwa barabara nzuri ipitayo baina ya milima isiyo na hata jani. Kisha ghafla hutokea mitende, maelfu kwa maelfu, na katikati yake ngome. Ngome ya Nizwa, yenye mnara mkubwa wa mviringo, ilijengwa katika karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaariba. Ni katika zama za mwanawe, Saif bin Sultan, ndipo Waomani walipoitwaa Ngome ya Yesu ya kwetu Mombasa kutoka kwa Wareno, mwaka 1698, baada ya kuizingira kwa takriban miaka mitatu. Tulionyeshwa matundu yaliyo juu ya milango, ambayo inasemwa kwamba kwayo adui alimwagiwa asali ya tende iliyochemka. Mmoja wetu alisema huo ni israfu wa tende, na mwongozaji wetu hakucheka.

Mwenyeji wetu ni bibi wa miaka sabini na ushei, mzaliwa wa Unguja. Waomani wengi ambao wazee wao waliishi Unguja, Pemba na bara walirejea baada ya mapinduzi ya 1964, na wengine wengi baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970. Wangali wanasema Kiswahili, na Bibi husema Kiunguja cha zamani chenye adabu ambacho leo ni nadra kukisikia hata Unguja kwenyewe. Asubuhi ya kwanza, tukiwa hatujamaliza kufungua mikoba, alitutokea mlangoni na kutuambia, "Wanangu, saa nne hiyo. Kahawa haingoji mtu."

Tulimfuata jikoni. Alikuwa na kikaango kipana kisicho na mafuta, na ndani yake buni mbichi ya Uhabeshi, rangi ya kijani kilichofifia. Aliigeuza kwa mwiko bila kupumzika, na ilipofika rangi ya maganda ya karanga aliiepua. Sisi tumezoea buni ikaangwe mpaka iwe nyeusi na kung'aa mafuta, tukadhani labda gesi imemwishia. Kumbe hapo ndipo penye siri ya kahawa ile. Buni isiyokaangwa sana haitoi uchungu mwingi, wala rangi nyeusi. Ikichemshwa hutoa maji ya dhahabu, hata usipoambiwa utasema ni chai ya rangi iliyokosa majani. Akaipondaponda kinuni iwe chenga chenga, akaichemsha kwa moto mdogo, kisha akaimimina katika dele alilokwisha kulitia iliki ya kupondwa, nyuzi chache za zafarani na tone la marashi ya waridi. Sukari hakuitia hata chembe.

Umbo la funda la kwanza ni gumu kulieleza. Ulimi unangoja uchungu, nao haufiki. Kinachofika ni iliki, kisha joto, kisha kitu mfano wa nafaka iliyokaangwa, na mwisho kabisa ukali mdogo wa kahawa unaobaki nyuma ya koo. Utamu ni kazi ya tende. Mtu huanza kwa tende, akaitafuna polepole, ndipo akanywa kahawa, na viwili hivyo hukutana kinywani. Pale tuliletewa aina mbili, fardhi iliyo nyeusi na khalasi iliyo rangi ya asali, na tangu siku hiyo tumekuwa na rai kwamba khalasi ndiyo yenye kuafikiana na zafarani. Bibi hakukubali. Kwake yeye fardhi ndiyo tende na nyinginezo ni peremende.

Adabu ya kahawa ile nayo ni elimu. Mwenye kumimina husimama, aghalabu mdogo kwa umri miongoni mwa waliopo, dele mkono wa kushoto na vikombe mkono wa kulia. Mgeni hupokea kwa kulia. Kikombe ni kidogo kuliko finjani zetu, hakina mkono, na hakijazwi. Hutiwa funda mbili tatu tu, kiasi kwamba kahawa haipati kupoa. Ukimaliza utaongezwa, na utaongezwa tena, mpaka ukitikise kikombe kushoto na kulia, ndiyo ishara ya kuwa umetosheka. Mgeni asiyejua ishara hiyo anaweza kunywa mpaka adhuhuri! Pembeni huwekwa bakuli la maji ya kusuuzia vidole vilivyogusa tende. Mwaka 2015 Shirika la UNESCO liliiingiza kahawa ya Kiarabu, pamoja na desturi zake za ukarimu, katika orodha ya urithi wa wanadamu, kwa ombi la pamoja la Oman, Saudi Arabia, Qatar na Falme za Kiarabu.

Jina la chombo ndilo lililotufurahisha kuliko yote. Wao husema dalla, nasi twasema dele, na wazee wetu wengine husema mdila. Buni yetu ni bunn yao. Kwa hakika tulivuka bahari kwenda kukuta vyombo vya nyanya zetu.

Sasa turejee kwenye ile saa nne. Kichochoro anachoishi Bibi kina nyumba nane. Kila asubuhi, kazi za kwanza zikiisha na kabla ya sufuria ya mchana kubandikwa, wanawake wa nyumba hizo hukutana katika nyumba mojawapo, kwa zamu. Mwenye zamu huweka sinia moja: tende, pengine tunda lililokatwa, pengine halua kidogo, na dele. Hakuna kinachopikwa, na hakuna anayevaa nguo ya kutokea. Mmoja alikuja na mchicha wake akauchambua papo hapo. Huketi kiasi cha saa moja, wakasikilizana habari za watoto, bei, maradhi na posa, kisha kila mmoja akatikisa kikombe chake na kwenda zake. Kesho yake ni nyumba nyingine.

Desturi hii si ya kichochoro kimoja. Siku ya tano tulipelekwa Hamra, mji mkongwe ulio chini ya milima, si mbali na Nizwa, wenye nyumba za udongo za ghorofa mbili na tatu ambazo nyingi zimeachwa. Ndani ya mojawapo, iliyogeuzwa kuwa nyumba ya makumbusho, wanawake wa mji huwaonyesha wageni kazi za zamani: kusaga, kuoka mikate, kukaanga buni. Mji huo huo ndimo alimoishi mwanamke wa Kimarekani, Christine Eickelman, mwishoni mwa miaka ya 1970, na kitabu alichokiandika juu ya wanawake wa huko kilichapishwa mwaka 1984. Habari kubwa ya kitabu hicho ni kutembeleana: nani huenda kwa nani, siku gani, na kwamba kahawa na tende ndivyo vilivyowaleta majirani pamoja siku baada ya siku. Msomi alitoka mbali akaona kuwa jambo hilo linastahili kitabu kizima.

Sisi tuliuona ustahiki wake siku ya saba. Zamu ilikuwa ya Bibi mwenyewe. Ilipofika saa nne na robo wanawake sita walikuwa wamekwisha keti, na wa saba hakutokea. Hakuna aliyesema neno kubwa. Bibi aliuliza, "Fulani kasafiri?" Wakajibu la. Akamgeukia mjukuu wake: "Nenda kamgongee, mwanangu. Asipofungua, rudi mbio." Mtoto alirudi mbio. Wanawake waliinuka wote kwa pamoja, na mmoja wao alikuwa na ufunguo wa nyumba ile, jambo ambalo peke yake lilitushangaza. Walimkuta mwenzao chini, msalani, ameteleza tangu baada ya alfajiri, nyonga imeumia na hawezi kujiinua. Mumewe yu kazini Muscat, watoto shuleni, na simu ilikuwa chumbani inalia. Kabla ya saa tano alikuwa hospitalini.

Jioni yake Bibi alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Asingekuwa wa kunywa kahawa nasi, angelala pale hadi watoto warudi." Hakuongeza neno.

Wasomaji wetu watatuwia radhi tukisema kwamba usiku ule hatukuwaza Nizwa. Tuliwaza jengo la ghorofa tano wanamoishi wawili kati yetu hapa Mombasa. Mwaka jana, mjane wa ghorofa ya juu aliugua homa, na habari zake zilijulikana siku ya nne, alipokuja mwanawe kutoka Malindi. Ghorofa ile ina milango minne. Wanaoishi nyuma ya milango hiyo si watu wabaya; ni watu wanaosalimiana ngazini kila siku kwa bashasha. Lakini hakuna mwenye sababu ya kubisha hodi kwa mwenzake siku ya Jumanne isiyo na jambo.

Na kwa nini hana? Jibu tulilolipata sisi, na anayelipinga na atuandikie, ni kuwa ukarimu wetu umekuwa mzito mno. Pwani hatujui kumkaribisha mtu kwa kitu kidogo. Akisikika mgeni anakuja, patatafutwa sambusa, katlesi, viazi vya karai na mkate wa sinia, na juisi ya ukwaju lazima, na vikombe vya kabatini vishushwe, na mtoto atumwe dukani mara tatu. Nyumba itadekiwa kama ya bi harusi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini siku hizi mgeni akija mwenyeji huugua, na gharama yake husikika mfukoni mpaka mwisho wa mwezi. Basi mtu huona heri asimwalike jirani kuliko kumwalika akaonekana mnyonge. Na jirani naye, akijua taabu atakayoileta, huona heri asije. Hivyo ndivyo milango minne hufungwa, na kila mmoja nyuma ya mlango wake akidhani ametenda uungwana.

Sinia ya Nizwa huondoa hesabu hiyo yote. Tajiri na masikini huweka kitu kile kile, tende na kahawa, wala haipo nafasi ya kushindana. Tulimwuliza Bibi itakuwaje iwapo mmoja ataongeza keki siku ya zamu yake. Akasema, "Wa pili ataongeza mbili, wa tatu atajitia mgonjwa." Tulicheka, lakini yeye hakuwa anafanya mzaha.

Yako maneno ambayo tunajua yatasemwa, maana yamekwisha semwa nyumbani kwetu: kwamba wanawake wakikutana kila siku watasengenya. Shaka hiyo ni kongwe kuliko wanawake wa mtaa wetu, na mwanzoni iliwahusu wanaume. Kahawa ilipoenea katika karne ya 15 ilikuwa kinywaji cha masufi wa Yemen, waliokinywa wapate kukesha katika dhikri. Mwaka 1511, huko Makka, msimamizi wa mji, Kha'ir Beg, aliwakuta watu wakiinywa usiku, akakusanya wanazuoni na kuipiga marufuku. Habari ilipofika Cairo kwa Sultani, jibu lililorudi halikukiharamisha kinywaji chenyewe. Lilikataza mikutano ya utovu wa adabu. Tangu mwanzo, basi, swali lilihusu kikao zaidi ya kikombe. Nasi tunasema kwamba ulimi wenye kusengenya hausubiri kahawa, una simu. Aketiye ana kwa ana na watu sita, ambao kesho ataketi nao tena, ana sababu ya kuupima ulimi wake kuliko aandikaye kizani katika kundi la watu mia mbili.

Tangu turudi ni majuma sita. Hatukuanza kila siku, kwani baadhi yetu ni wafanyakazi, bali Jumamosi saa nne, milango mitano ya jengo moja. Mmoja aliionja kahawa na kuiita maji ya iliki, na bado hajaipenda, ila huja. Mwingine alileta sahani ya sambusa Jumamosi ya pili, akarudishwa nayo kwake kwa heshima zote. Mama wa ghorofa ya juu magoti yake hayampi nafasi ya kushuka, kwa hiyo zamu mbili kati ya tano hufanyika kwake. Ametupa ufunguo wa akiba. Hakuombwa.

Kwa watakaotaka kujaribu, hivi ndivyo tunavyoipika. Kwa maji lita moja, chukua vijiko vitatu vya kulia vya kahawa iliyokaangwa kidogo na kusagwa chenga chenga. Buni mbichi hupatikana kwa baadhi ya wauza viungo wa Marikiti na pembeni mwake. Ya Nyeri au Kirinyaga inafaa sana, nayo ni ajabu kwamba buni njema hiyo hupita bandarini kwetu kwenda ng'ambo nasi tukabaki na chai. Ikaange wewe mwenyewe, moto wa wastani, ukiigeuza daima, na uiepue ingali rangi ya maganda ya karanga. Chemsha kahawa kwa moto mdogo dakika kumi, epua, iache itulie dakika tano machujo yazame. Katika chupa ya chai au dele weka vijiko viwili vya kulia vya iliki iliyopondwa, nyuzi kidogo za zafarani na kijiko kimoja cha chai cha marashi ya waridi, yale ya kutia katika vyakula na si ya kujinyunyizia, kisha uichuje kahawa juu yake. Funika robo saa. Lita hiyo huwatosha wanawake watano au sita na kuzidi.

Kukaangwa kidogo hakuipunguzii kahawa nguvu zake. Mjamzito ajihadhari: Shirika la Afya Duniani huwashauri wajawazito wanaotumia zaidi ya miligramu 300 za kafeini kwa siku waipunguze, na chai nayo huhesabiwa humo. Mwenye upungufu wa damu asiinywe pamoja na chakula, kwa kuwa kahawa huuzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo mlo huo; saa nne, baina ya staftahi na chakula cha mchana, ni wakati mwafaka kwake. Mwenye kisukari ahesabu tende zake. Zafarani ni ghali, na isipokuwepo kahawa haiharibiki. Iliki ndiyo isiyokosekana, nayo ipondwe asubuhi hiyo hiyo, kwani ya pakiti iliyokaa miezi dukani haina harufu ya kuita jirani.